Wale vijana wa Mormoni wenye tai, wanalipwa?
Wengi wanaamini wale vijana wamisionari wa Mormoni (Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho), shati jeupe, tai na kibati cheusi cha jina kifuani, wanalipwa mshahara wa dola. Kiukweli wanajitolea, wao na familia zao ndo wanachangia gharama kila mwezi, wavulana miezi 24 wasichana 18, na huko ugenini wanapewa hela ya msosi na nauli, sio mshahara. Wiki yao ni kusoma asubuhi, kuzunguka wawili wawili mpaka usiku, Jumapili kanisani, alafu kwa kawaida Jumatatu ndo wanafua, wananunua vitu na kupiga simu nyumbani (kabla ya 2019 ilikuwa mara mbili tu kwa mwaka, ngumu aisee). Ukitaka kuhakikisha waulize wenyewe wakipita, au soma tovuti ya kanisa lao, ila angalia tarehe maana viwango vya michango hubadilika.