Ya asili sawa, ila unameza na nini?

Mimi ni mfamasia, na siku hizi haipiti wiki bila mtu kuja dirishani na simu mkononi ananionyesha kopo la St John's wort, vidonge vya mmea, alilolikuta Insta, "dokta, hii ya wasiwasi na mawazo ni ya asili kabisa, haina kemikali, niagize?" Namuuliza, unatumia dawa gani nyingine? Hapo anageuka kuangalia nani kasimama nyuma yake. Namsogezea kalamu na karatasi aandike.

Iko hivi. Kwa sonona (huzuni nzito isiyoisha) isiyo kali sana huo mmea umefanyiwa tafiti na kweli unasaidia, kwa wasiwasi ushahidi ni mdogo sana, ila wauzaji hawasemi hilo. Kinachonitisha mimi ni ini. Ule mmea unalichochea ini litengeneze vimeng'enya vingi vya kuvunja dawa, matokeo yake dawa zako nyingine zinavunjwa na kutolewa kabla hazijamaliza kazi. Mwaka 2000 watafiti Marekani waliwapa watu wenye afya njema indinavir, ARV ya zamani, pamoja na huo mmea, dawa kwenye damu ikashuka 57%! Dolutegravir tunayotumia sasa nayo inashushwa, kwa hiyo mtu anameza dozi yake kila siku bila kukosa halafu virusi vinapanda na anaambiwa hamezi dawa.

Kijiti cha uzazi wa mpango ni hivyohivyo, 2014 Uingereza walitoa tahadhari baada ya wanawake kupata mimba kijiti kikiwa mkononi. Na kama uko kwenye fluoxetine au sertraline, dawa za sonona na wasiwasi, usithubutu kuchanganya, serotonini (kemikali ya ubongo) inazidi, unatetemeka, jasho, moyo mbio, yaani mtu anadhani wasiwasi umezidi na anaongeza kidonge kingine cha majani.

Kava, mmea mwingine unaouzwa kwa ajili ya wasiwasi, ndo kabisa, imeshaharibu maini ya watu, ukiona macho ya njano na mkojo mweusi kimbia hospitali. Chai ya chamomile kunywa tu, labda kama unatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, hapo uliza kwanza.

Ukiacha St John's wort leo, ini linachukua kama wiki mbili kutulia, na wa kijiti atumie kondomu tangu alipoanza mpaka siku 28 baada ya kuacha.