Mizizi kwanza: kuhamisha mchungwa kwenye udongo wa kichanga, na mkwaju wa kwenye chungu

Mchungwa uliohamishwa ukinyauka siku ya tatu, watu husema umekosa maji. Mara nyingi maji yapo, hata yametuama. Kilichokosekana ni midomo ya kuyanywea. Ile mizizi minene kama kidole kazi yake kubwa ni kushika mti na kupitisha maji. Wanaoyanyonya ni vimizizi vyembamba kama uzi, vyeupe kwenye ncha, na vingi vimekaa mbali na shina, palepale jembe linapopita kwanza. Majani yanaendelea kupoteza maji kwa jua na upepo wa bahari, huku vimizizi vimebaki shimoni.

Ukanda wetu wa pwani ya kusini mwa Tanzania, kuanzia Mikindani kwenda Lindi, una tatizo jingine juu ya hilo: udongo wa kichanga haushikani. Ukiinua mti, donge linamomonyoka na kuondoka na vimizizi vyake. Mwenye udongo wa mfinyanzi ana nafuu. Sisi wa kichanga lazima tuanze mapema.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mti wa kuhamishwa Desemba nashauri uanze kuuandaa Mei, ardhi ikiwa bado na unyevu. Pima kipenyo cha shina sentimita 15 juu ya ardhi, kisha zidisha kwa 10 hadi 12. Hicho ndicho kipenyo cha donge. Shina la sentimita 3 linahitaji donge la sentimita 30 hadi 36. Chora duara hilo na uchimbe mfereji nusu yake tu, kina sentimita 40, ukikata mizizi kwa mkasi mkali. Mzizi uliochanwa na jembe huoza. Uliokatwa safi huchipua. Jaza mfereji kwa mboji iliyochekechwa pamoja na udongo wa juu. Baada ya wiki 6 hadi 8 maliza nusu ya pili. Mwagilia kiangazi chote. Kufika Desemba vimizizi vipya vitakuwa vimejaa kwenye ile mboji, navyo ndivyo vinavyolishika donge.

Usihamishe kwa manyunyu ya kwanza. Subiri ardhi ilowe. Mkesha wake mwagilia hadi unyevu ushuke sentimita 40, kwa sababu mchanga mkavu haufungiki. Asubuhi chimba nje kidogo ya mfereji wa zamani, na kabla hujagusa chini, zungushia donge gunia la katani na ulikaze kwa kamba, juu, katikati na chini. Hapo sasa kata mzizi mkuu kwa msumeno, ingiza kipande cha bati chini ya donge, uliburute. Donge la sentimita 36 lenye maji linaweza kuzidi kilo 50, kwa hiyo ni kazi ya watu wawili, na mkono usishike shina kabisa: ukivuta shina, vimizizi vinakatika ndani bila kuonekana. Gunia la katani unaweza kuliacha shimoni likaoza, ila fungua kamba na ulikunje juu. La sandarusi litoe lote.

Shimo liwe pana mara mbili ya donge, kina kilekile cha donge. Kuchimba zaidi ni kosa linaloua polepole: udongo uliotifuliwa chini hushuka, shina linazama, gome linaoza. Samadi debe 1, iliyooza kabisa, ichanganywe na udongo wa pembeni. Samadi mbichi huunguza mizizi. Jaza nusu, mimina maji, acha yazame, malizia. Usikanyage kwa mguu, maji yanashindilia vizuri zaidi.

Punguza majani karibu nusu. Inauma kuyakata, lakini ukiyaacha mti utayapukutisha wenyewe na matawi juu yake. Paka shina chokaa ya maji, maana gome la mchungwa lililozoea kivuli huungua. Lita 20 siku ya kwanza, kisha lita 10 kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili, na uwe na maji ya akiba kwa ule ukavu unaotukuta mwishoni mwa Januari au Februari. Matandazo ya makumbi ya nazi yanatunza unyevu vizuri, mradi yasiwe yale yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya usumba, kwani yana chumvi. Yaweke sentimita 10 mbali na shina, mchwa wasipate daraja. Machipukizi yanayotoka chini ya kovu la kubebesha, pale mchungwa ulipounganishwa na mti wa chini, yang'oe yakiwa machanga, la sivyo mti wa chini, ambao mara nyingi ni mlimao, utaumeza mchungwa wako.

Shina likizidi sentimita 7, au ukiwa ni mkorosho au mpapai uliokwisha kushika, acha. Nunua mche.

Anayeelewa hayo ameshaelewa nusu ya bonsai, yaani kukuza mti ukabaki mdogo ndani ya chungu. Neno hilo la Kijapani maana yake ni kupandwa katika sinia, na kwetu hakuna mti unaolifaa kama mkwaju: majani madogo, gome linalozeeka mapema, haujali joto. Mche ukifika sentimita 15, kata mzizi mkuu ili mizizi ya pembeni itambae. Chungu kiwe na matundu, kina sentimita 8 hadi 12. Udongo wa bustani humo hugeuka zege. Tumia sehemu 2 za matofali ya kuchoma yaliyopondwa, chembe za milimita 3 hadi 6, na sehemu 1 ya mboji. Vumbi lichekeche ulitupe, ndilo linaloziba hewa. Kila miaka miwili, Novemba machipukizi yakivimba, toa theluthi ya mizizi na upogoe juu kwa kiasi hichohicho. Waya wa alumini, unene theluthi ya tawi, uzungushwe kwa mshazari na ukaguliwe kila wiki mbili, kwani wakati wa mvua tawi hunenepa haraka na kovu la waya halifutiki.

Usikiweke chungu juu ya sakafu ya saruji ya baraza, inachemsha mizizi. Kiweke kwenye kigoda, jua la asubuhi. Wageni wakija, kiingize sebuleni mbele ya ukuta usio na picha, katikati ya shina ikiwa usawa wa macho ya aliyekaa, na upande mizizi inapotandaa vizuri ukiwaelekea. Siku mbili zinatosha. Jioni ya pili kirudishe nje.