Kruzi ya ghafla ya Karibea: bei chee, na saa iliyotaka kutuacha Cozumel

Alhamisi moja usiku, mwezi wa tisa, niko kitandani na laptopu, Baba Imani anakoroma pembeni, nikaona kruzi, yaani safari ya meli ya kitalii, kabini ya ndani isiyo na dirisha, usiku 5, kutoka Port Canaveral hapa Florida kwenda Cozumel, kisiwa cha Mexico, na Nassau ya Bahamas, dola 289 kwa kichwa, inaondoka Jumatatu. Nikamtikisa. "Baba Imani, likizo yako ipo?" Akasema ipo, akageukia ukutani. Nikabuku kabla hajaamka vizuri.

Hii ndo kazi yangu, nakatia watu safari za meli hapa Orlando mwaka wa kumi sasa, na kila siku naulizwa swali lile lile, inakuwaje mimi nililipia miezi sita kabla halafu jirani yangu kapanda wiki ya mwisho kwa bei ya kutupa? Ni hivi. Kruzi nyingi malipo ya mwisho yanatakiwa kati ya siku 75 na 90 kabla ya safari, hapo wenye kusitasita wanajitoa maana wakivuka tarehe hiyo hela hairudi yote, na kampuni ndo inajua sasa vyumba vingapi vimebaki. Meli haiwezi kusubiri ijae kama daladala ya Mbagala, siku yake ikifika inang'oa nanga, na kitanda kilicholala tupu leo hakiuziki tena kesho. Afu pesa yao nyingine wanaipata ukishapanda, baa, kasino, picha, matembezi ya bandarini, kwa hiyo bora uingie kwa hela kidogo kuliko usiingie kabisa.

Septemba ndo kabisa, shule zimefunguliwa, wenye watoto hawapo, na msimu wa vimbunga unaoanza 1 Juni hadi 30 Novemba unakuwa kileleni karibu na tarehe 10. Watu wanaogopa. Meli yenyewe inakikwepa kimbunga mapema tu, shida ni kwamba mkataba unamruhusu nahodha kuruka bandari yoyote, ulilipia Cozumel unajikuta uko kwingine na huna wa kumdai zaidi ya ada ya bandari. Na bima ya safari inunuliwe kabla kimbunga hakijapewa jina, kikishapewa jina umechelewa.

Sasa ile 289 msiishike sana. Ni bei ya mtu mmoja mkiwa wawili chumbani, ukienda peke yako mara nyingi unalipia na kitanda cha mwenzako asiyekuwepo. Sisi wawili ikawa 578, kodi na ada za bandari zikaongeza 254, tipu za wafanyakazi dola 17 kwa mtu kwa siku zikawa 170, parking ya gari siku 6 kwa dola 20 ikawa 120. Jumla 1,122, na hapo hatujanywa hata soda. Bado rahisi kwa siku tano za kula na kulala, lakini sio 578. Na kuna mtego wa wapenzi ambao wengi hawaujui, kampuni kadhaa zinasema mtu mzima mmoja wa kabini akinunua pakeji ya pombe, wa pili naye lazima anunue. Baba Imani hanywi. Tungelipia bia za hewa.

Kabini hukuchagua wewe. Bei za mwisho mwisho nyingi ni za "tutakupangia", na sisi tulipangiwa mbele kabisa chini, ambako meli ikikaribia gati alfajiri zile panga kama za feni zinazoisukuma kwa ubavu zinawashwa na kitanda kinatetemeka kama kiko juu ya mashine ya kusaga. Kwa wanaosikia kichefuchefu, hapo mbele ndo panarukaruka zaidi, katikati ya meli na chini ndo kuna utulivu. Mimi hubeba tangawizi mbichi, nakata vipande natafuna, haijawahi kuniangusha.

Makaratasi sasa, na hapa naomba mnisikilize wenye viza. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 ambayo inazuia meli zenye bendera ya nje kubeba abiria kati ya bandari za Marekani bila kugusa nchi nyingine, na hizi kruzi kubwa karibu zote zimesajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda, Malta huko. Ndo maana hata kruzi ya siku tatu kutoka Florida inakupeleka Nassau. Maana yake umetoka nje ya Marekani, hata kama umeshuka masaa manne tu kununua fulana. Raia wao anaweza kurudi na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, wewe mwenye grinikadi beba grinikadi na paspoti, na kama viza yako ni ya kuingia mara moja, ongea na mwanasheria kabla hujanitumia hela.

Kwenye begi acheni pasi, acheni birika la umeme. Najua tulivyo. Vinashikwa mlangoni unarudishiwa siku ya kushuka, kisa moto, meli haiogopi kitu kama moto. Na dawa, chaji na nguo ya kuogelea viwe begi la mkononi, mabegi makubwa yanaweza kufika kabini usiku.

Kwenye bafe siku ya pili kijana mmoja mhudumu akasikia tunavyoongea, akaja, "Shikamoo mama, hayo maharage yana nguruwe." Wa Mombasa. Wasiokula nguruwe, chakula maalum kampuni nyingi wanataka taarifa wiki kadhaa kabla, ukibuku Alhamisi kupanda Jumatatu hiyo huna, inabidi uulize sahani kwa sahani.

Haya, Cozumel. Tangu 2015 jimbo lao la Quintana Roo halibadilishi saa, kwa hiyo kiangazi na hadi mwanzo wa Novemba wako nyuma ya Florida saa moja, na meli yetu ilibaki na saa ya Florida. Mwisho wa kupanda, saa kumi na nusu jioni, saa ya meli. Wateja wangu nawahubiria hili kila siku, halafu sisi tukashuka wenyewe, bila matembezi yanayouzwa na meli yenyewe, ambayo faida yake kubwa ni kwamba yakichelewa meli inawasubiri. Tuko pwani ya upande ule mwingine wa kisiwa, samaki wa kukaanga na ndimu, mie nasema twende, Baba Imani anaangalia simu, "Tulia mke wangu, bado saa tisa na dakika tano." Nikatazama saa yangu ya mkononi niliyoiacha vile vile tangu nyumbani. Saa kumi na dakika tano. Simu yake ilikuwa imeshadaka mtandao wa Mexico ikajirudisha nyuma yenyewe.

Samaki tuliwaacha. Teksi iliruka matuta yote, mie natetemeka hadi magoti, maana paspoti zote mbili ziko kwenye sefu ya kabini, upumbavu mtupu kwa mtu wa fani. Tulifika gatini tumebakiwa na dakika sita, watu wamejaa kwenye balkoni wanatupigia makofi na kuturekodi.

Keshokutwa yake Nassau, ambako saa ni zile zile za Florida, tulipanda Ngazi ya Malkia iliyochongwa na watumwa kwenye mwamba mtupu miaka ya 1790, ukiwa chini pale kati ya zile kuta unasikia baridi ghafla na hata watalii wanapunguza sauti. Tukala saladi ya konchi, yule konokono mkubwa wa baharini, wanamkatakata mbele yako na kitunguu, nyanya, ndimu na pilipili, kachumbari kabisa. Mwisho wa kupanda ulikuwa saa kumi na nusu. Saa nane kamili tulikuwa kabini, viatu tumevua, na sio mimi niliyetaka kurudi.