Meza ya mapokezi: jinsi ya kuwapokea wanaojitolea wakati wa maafa

Ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliofika wa kwanza, na mitumbwi yao. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 waliokolewa. Katika tetemeko la Kobe, Japani, tarehe 17 Januari 1995, wengi waliotolewa chini ya vifusi walitolewa na ndugu na majirani kabla vikosi havijafika. Saa za mwanzo ni za watu waliopo, na hakuna mpango wa ofisini utakaowatangulia. Ugumu tunaouzungumzia hapa huanza siku ya pili, pale watu wanaposhuka kwenye mabasi wakiwa na nia ya kusaidia na hakuna wa kuwaambia waende wapi.

Umoja wa Mataifa uliuteua mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kujitolea kwa Maendeleo Endelevu, na kila penye maadhimisho husikika wito wa kuhamasisha watu wajitolee. Kwa upande wa maafa, msimamo wetu ni kwamba watu hawajawahi kuwa haba. Kilicho haba ni mapokezi.

Japani ilijifunza hilo kwa gharama. Kobe ilipokea zaidi ya watu milioni moja wa kujitolea katika mwaka ule, wengi wao bila chama, bila vifaa na bila mahali pa kulala. Mwaka 1998 nchi hiyo ikatunga sheria iliyovipa vikundi vya wananchi njia rahisi ya kusajiliwa. Siku hizi, mafuriko au tetemeko likitokea, baraza la ustawi wa jamii la eneo husika hufungua kituo cha wanaojitolea. Anayefika hujiandikisha, hukatiwa bima ya ajali ya gharama ndogo, huunganishwa na kikundi na kupewa kazi iliyoombwa na kaya maalumu. Jioni kikundi hurudi kutoa taarifa. Utaratibu huu hauhitaji utajiri. Kata yoyote yenye kamati ya maafa iliyo hai inaweza kuuendesha.

Kituo chenyewe

Kiwekeni nje ya eneo lenye hatari, kando ya barabara, penye kivuli, maji na choo. Uwanja wa shule unafaa. Msikiweke palipo na uongozi wa uokoaji, kwa sababu msongamano wa watu na magari utawazuia wazima moto na magari ya wagonjwa. Kifunguliwe ndani ya siku mbili za kwanza. Kikichelewa, watu wataingia wenyewe kwenye tope na vifusi, na baada ya hapo ni vigumu sana kuwarudisha nyuma.

Fomu iwe ya ukurasa mmoja: jina, umri, simu, simu ya ndugu wa kupigiwa, ujuzi, ugonjwa au dawa anazotumia, na kama amechanjwa pepopunda. Walio chini ya miaka 18 wasipelekwe kwenye vifusi. Anayesema ni muuguzi, fundi umeme au mhandisi aonyeshe leseni. Asiyekuwa nayo apewe kazi isiyohitaji leseni, hata akiwa mkweli kabisa. Kila mmoja avishwe utepe wenye namba, na rangi ya utepe ibadilike kila siku ili wa jana usimpitishe mtu leo.

Upande wa pili wa meza uwe na kadi za maombi, na hapa ndipo vituo vingi huanguka. Vinaandikisha watu mia tatu asubuhi, kisha vinakosa kazi ya kuwapa, kwa sababu hakuna aliyezunguka kwenye kaya kuuliza. Wapangeni wajumbe wanaolijua eneo, pamoja na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, wapite nyumba kwa nyumba siku moja kabla. Kadi ieleze nyumba ilipo, kazi ni ipi, watu wangapi, vifaa gani, na kama jengo limekaguliwa. Wajane, wazee na wenye ulemavu waulizwe kwanza, maana hao ndio wasiofika kituoni kuomba.

Kikundi kiwe cha watu watano hadi kumi, chenye kiongozi mmoja na mwenyeji mmoja. Kabla ya kuondoka wapewe maelezo ya dakika kumi na tano: nyaya zilizoanguka zisiguswe, ukuta uliopasuka usiegemewe, ishara ya kuondoka ni filimbi mara tatu, picha za waathirika hazipigwi. Mtu wa kujitolea asibaki peke yake na mtoto. Miili ya marehemu ni kazi ya waliofunzwa.

Ndani ya nyumba, hakuna kitu kinachotupwa bila ruhusa ya mwenyewe. Vyeti, hati za ardhi, vitambulisho na picha za familia viwekwe kwenye mfuko wa pembeni na kukabidhiwa mkononi. Jambo hili hupuuzwa kwa haraka ya usafi, na hasara yake ni kubwa kuliko ya samani.

Tope, joto na majeraha

Tope la mafuriko, kama lile lililoingia majumbani Katesh, Hanang, Desemba 2023, huficha vioo, misumari na mabati. Tope la mafuriko pia hubeba maji ya vyoo na mkojo wa panya, ambao unaweza kuambukiza homa ya mgunda kupitia mchubuko mdogo tu. Gambuti za soli ngumu, glavu nene na suruali ndefu si hiari. Beleshi moja kwa watu wawili linatosha: mmoja achimbe, mwenzake apumzike. Kwenye jua kali wafanye kazi dakika ishirini, wapumzike kumi, na kila mtu anywe kikombe cha maji kila dakika kumi na tano hadi ishirini bila kusubiri kiu. Jeraha lolote lioshwe hapo hapo kwa maji safi na sabuni, na liandikwe.

Kazi ikome saa tisa alasiri. Uchovu ndio huleta ajali, na giza linapoingia kuhesabu watu kunakuwa kubahatisha. Idadi ya waliorudi ilingane na ya waliotoka kabla meza haijafungwa. Vifaa vioshwe kwanza tope lote litoke, kisha viwekwe kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5, yaani kipimo kimoja cha klorini ya maji ya asilimia 3.5 kwa vipimo sita vya maji. Tope likibaki, hula nguvu ya klorini na dawa inakuwa bure.

Wiki ya tatu

Wikendi ya kwanza watu hujaa. Wiki ya tatu kamera zimeondoka, tope bado lipo na meza ni tupu. Dawa yake ni kutowapokea wote siku ya kwanza. Waandikeni, wapeni tarehe, wapigieni kwa zamu. Rudisheni nauli na mpike chakula cha mchana, la sivyo watakaobaki ni wenye uwezo tu. Bima ya ajali ya kundi ijadiliwe na kampuni kabla ya masika. Baada ya maafa kutokea, mazungumzo hayo huchukua muda ambao hamna. Kazi za ujenzi zikianza, walipwe vibarua wa eneo hilo waliopoteza riziki. Kuwaletea watu wa bure ni kuwanyima kipato.

Kituo kinapofungwa, kadi ambazo hazijafanyiwa kazi zikabidhiwe kwa mtendaji wa kata kwa maandishi. Daftari la saa zilizofanywa lijumlishwe, na kila aliyeshiriki apewe barua inayotaja kazi aliyoifanya na saa zake, yenye sahihi na muhuri, ambayo kijana anaweza kuiambatisha kwenye maombi ya ajira.