"Wakate mishahara, watanyooka": dhana potofu kuhusu nidhamu ya timu

Timu ikipoteza mechi mbili mfululizo, simu yangu huanza kuita. Atakuwa katibu wa klabu, mjumbe wa kamati ya utendaji, au mdhamini aliyeweka hela zake na haoni matunda. Maneno ni yaleyale: wachezaji wamedekezwa, nidhamu hakuna, wakatwe mishahara watanyooka. Nimeyasikia kwa klabu kubwa, nimeyasikia kwa klabu zilizopanda daraja juzi. Nimefanya kazi ya umeneja wa timu na sasa nashauri klabu, na hakuna imani iliyoniharibia kazi kama hii.

Dhana: Faini ndiyo inayojenga nidhamu

Tuanze na sheria, maana viongozi wengi huiruka. Mchezaji wa kulipwa ni mwajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kujisikia. Makato yanataka msingi wa kisheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mahakama, au ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi kwa deni analodaiwa. Katibu hawezi kuudhika Jumapili jioni baada ya sare ya nyumbani, Jumatatu akamwambia mhasibu akate asilimia 30 kwa kikosi kizima. Nimeona barua za namna hiyo, zikiwa na mhuri wa klabu na bila kifungu hata kimoja cha mkataba.

Kuna upande wa FIFA pia. Tangu mwaka 2018, kanuni za hadhi na uhamisho wa wachezaji zina kifungu cha 14bis: klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili bila sababu halali, mchezaji akaiandikia na kuipa angalau siku 15, na bado hela isiingie, anaweza kuvunja mkataba kwa sababu ya haki na kudai fidia. Klabu zinapofikishwa mbele ya vyombo vya FIFA hupenda kutoa orodha ya faini ili kupunguza deni, na utetezi huo umekuwa ukikataliwa, hasa faini ikiwa imeibuka baada ya mgogoro kuanza. Faini uliyodhani ni fimbo mkononi mwako inageuka kuwa kielelezo cha mchezaji.

Lakini tuseme sheria imefuatwa na kila kitu kimesainiwa. Bado faini haifanyi kazi wanayoidhania. Mwaka 2000, wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha utafiti wa vituo 10 vya kulelea watoto huko Haifa, Israel. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto, baadhi ya vituo vikaweka faini. Uchelewaji uliongezeka, ukakaribia maradufu, na faini ilipoondolewa haukushuka. Zamani mzazi aliona aibu kumweka mwalimu akimsubiri. Sasa alikuwa ameshalipia. Mchezaji anayelipwa vizuri hufikiri hivyohivyo. Akichelewa anatoa hela, anaingia uwanjani kifua mbele, na hakuna wa kumwambia kitu kwa sababu deni lake limekwisha.

Ulaya ndiyo mfano wanaonitolea. Mwaka 2019 orodha ya faini za Chelsea chini ya kocha Frank Lampard ilivuja: pauni 20,000 kwa kuchelewa kuanza mazoezi, pauni 500 kwa kila dakika ya kuchelewa kikao, pauni 1,000 simu ikiita wakati wa chakula. Orodha hiyo imezunguka kwenye makundi ya viongozi wetu kama vile ndiyo siri ya mafanikio. Lampard alifukuzwa Januari 2021, akaja Thomas Tuchel, na kikosi kilekile kikachukua Ligi ya Mabingwa mwezi Mei. Sisemi faini ndizo zilizomwondoa Lampard. Nasema haiwezekani kunakili karatasi ya klabu ambayo mshahara wake unaingia kwa tarehe, ukaipeleka kwenye klabu inayodaiwa miezi miwili, kisha ukategemea matokeo.

Na hapo ndipo panaponiuma. Kwenye klabu moja niliyofanya nayo kazi, beki wa kushoto alichelewa mazoezi ya asubuhi kwa saa nzima, akaja amevaa raba. Kiongozi aliyekuwepo akataka akatwe palepale, mbele ya wenzake. Nikamvuta kijana pembeni. Mwenye nyumba alikuwa ameweka kufuli kwenye mlango wa chumba chake kwa sababu ya kodi, na njumu zilikuwa ndani. Kodi hakuilipa kwa sababu sisi hatukuwa tumemlipa. Tulitaka kumkata hela ambayo hatujampa, kwa kosa lililotokana na kutompa. Unadhani kikosi kilichokuwa kikitazama tukio lile kilijifunza nidhamu gani?

Timu za taifa zimeyaonyesha haya dunia nzima ikiangalia. Kombe la Dunia 2014 kule Brazil, wachezaji wa Ghana waligoma mazoezi wakidai posho zao, mpaka serikali yao ikapeleka zaidi ya dola milioni 3 taslimu kwa ndege. Siku ya mechi na Ureno, Sulley Muntari na Kevin-Prince Boateng wakafukuzwa kambini kwa utovu wa nidhamu. Ghana ikafungwa 2-1 na kurudi nyumbani. Makosa ya wachezaji hao wawili yalikuwa makosa, sitetei. Lakini nidhamu ya kambi ile ilianza kuvunjika siku ahadi ya kwanza ya malipo ilipopita bila maelezo.

Uwajibikaji una pande mbili, na ofisi ndiyo inayotangulia. Kiongozi akinipigia kuhusu faini siku hizi, namuuliza kwanza mshahara wa mwisho uliingia tarehe ngapi. Wengi hukata simu upesi.

Kinachofanya kazi ni dakika za kucheza. Hakuna kitu mchezaji anachokithamini kuliko jina lake kwenye kikosi cha kwanza, na benchi haliwezi kulipiwa na mdhamini wala shabiki mwenye mapenzi. Andikeni kanuni za ukurasa mmoja kabla ya msimu, wachezaji washiriki kuzitunga, wote wasaini, makocha na daktari wakiwemo. Karatasi ya kuwasili ibandikwe mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, ikiwa na majina na saa, na jina la juu kabisa liwe la kocha mkuu. Mahali nilipoweka karatasi hiyo, mabishano ya nani kachelewa na kwa kiasi gani yalikwisha, kwa sababu kila mtu aliandika saa yake kwa mkono wake. Akichelewa bila taarifa, adhabu ijulikane kabla: ataanzia benchi mechi inayofuata. Ikiwa ni dabi, ataanzia benchi dabi.

Kama mnazitaka faini kwa vyovyote, ziwe ndogo, zimhusu na kocha, ziingie kwenye mfuko unaoshikwa na wachezaji wenyewe, na zisiguse mshahara unaodaiwa.

Dhana: Nyota hagusiki, tutapoteza mechi

Tarehe 14 Machi 2021 Arsenal ilicheza na Tottenham. Pierre-Emerick Aubameyang, nahodha na mfungaji tegemeo, alichelewa kufika, kocha Mikel Arteta akamweka benchi na hakumwingiza kabisa. Arsenal ilishinda 2-1. Desemba ya mwaka huohuo, baada ya kosa jingine, alivuliwa unahodha, na Februari 2022 akaenda Barcelona.

Gharama ilikuwepo, na anayekuambia kusimamia kanuni hakuna gharama anakudanganya. Msimu ule wa 2021/22 Arsenal walimaliza nafasi ya tano, pointi mbili nyuma ya Tottenham, wakakosa Ligi ya Mabingwa, na kila mtu aliona walivyohitaji mshambuliaji. Misimu miwili iliyofuata walimaliza wa pili. Kwetu uamuzi wa namna hii hufia njiani: kocha anamweka nyota benchi, saa sita mchana mdhamini anapiga simu, saa kumi jioni nyota anaanza. Wachezaji wengine 20 na zaidi wanaliona hilo, na kuanzia siku hiyo kanuni zenu zinabaki kuwa za wasio na jina. Kocha asiyelindwa na uongozi kwenye uamuzi mmoja wa benchi, msimuulize kuhusu nidhamu mwisho wa msimu.

Dhana: Wafungieni kambini

Kambi ya siku moja au mbili kabla ya mechi ina sababu: chakula, usingizi, kikao cha mbinu. Kambi ya mwezi mzima kwa ajili ya kuwachunga watu wazima wenye familia inazaa uchovu na utoro wa usiku. Barcelona ya kocha Pep Guardiola, iliyobeba makombe matatu msimu wa 2008/09, wachezaji wake walilala nyumbani kabla ya mechi za nyumbani. Hela za hoteli lipeni mishahara.

Dhana: Anayehoji ni mkorofi

Ufaransa, Kombe la Dunia, Juni 2010, Afrika Kusini. Nicolas Anelka alimtukana kocha Raymond Domenech wakati wa mapumziko ya mechi na Mexico, akafukuzwa, na kesho yake wachezaji wakagoma kushuka kwenye basi kwenda mazoezini kule Knysna. Domenech mwenyewe ndiye aliyesoma tamko lao mbele ya waandishi. Walimaliza mkiani mwa kundi wakiwa na pointi moja. Tusi lilistahili adhabu. Ila kikosi kizima hakifiki hatua ya kugomea basi kwa siku moja. Kwa maoni yangu hapo hapakuwa na mahali pa kusemea ndani, wakasemea nje. Wekeni kamati ya wachezaji wanne au watano, mkae nao kila wiki, majibu yaandikwe. Mchezaji anayeuliza bonasi iko wapi kwa sauti ya kawaida hajavunja kanuni yoyote.

Dhana: Nahodha atuletee taarifa za wenzake

Hapana. Siku wakijua anapeleka majina ofisini, hatasikilizwa tena hata akiwapanga ukuta wa mpira wa adhabu. Kuandika nani kachelewa na nani katoroka ni kazi ya meneja wa timu, ndiyo anayolipwa.