Tazama mlango: utamaduni wa juu, wa jadi na pendwa katika harusi moja ya Tanga

Majuzi tulimwoza binti wa mama yangu mkubwa hapa Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Shughuli ilikula siku tatu. Alhamisi usiku ilikuwa maulidi: Barzanji, kitabu cha sifa za Mtume, inasomwa kwa Kiarabu, ubani unafuka, watu wametulia mikekani wakisubiri zamu ya kuitikia. Ijumaa wanawake tulijifungia uani na mwali. Jumamosi turubai likafungwa barabarani, taarabu ikapigwa hadi saa saba usiku, na wapigaji walipoanza kukunja nyaya vijana wakasogeza spika zao wakaweka singeli.

Kazi yangu ni kufundisha sosholojia ya utamaduni. Wanafunzi hunijia na mgawanyo waliokariri: utamaduni wa juu ni wa wasomi na wenye nafasi, wa jadi ni wa wazee wa vijijini, na utamaduni pendwa ni wa redio, simu na vijana. Mgawanyo huo si wa uongo, ila ukiingia nao kwenye harusi kama ile unakushinda kabla pilau halijaiva. Maulidi ni ya juu au ya jadi? Mkariri wake kasoma miaka, na anayeitikia ni muuza samaki wa Deep Sea. Taarabu je?

Mimi huwaambia watazame mlango. Nani anaruhusiwa kuingia, kwa sababu gani, na akishaingia anatarajiwa afanye nini? Ukijua hayo utajua uko kwenye utamaduni gani, hata kama wimbo ni uleule.

Mwingereza Matthew Arnold, mwaka 1869, aliuona utamaduni kuwa ni yale yaliyo bora kuliko yote yaliyopata kufikiriwa na kusemwa duniani. Miaka 110 baadaye Mfaransa Pierre Bourdieu akaja na swali la kuudhi: hayo bora, nani kayachagua? Akaonyesha kwamba ladha ya mtu, katika muziki, picha, hata chakula, hufuata malezi na shule aliyopitia, na wenye nafasi huitumia kujitenga na wengine. Nikisoma hayo huwacheka kidogo. Bibi zetu wa pwani walikuwa nayo zamani. Neno utamaduni lenyewe lina mji ndani yake, ni ukoo mmoja na madina. Na uungwana ulipimwa kwa namna mtu anavyosema, anavyovaa, anavyokula na anavyoandika tenzi kwa hati ya Kiarabu. Aliyekosa hayo aliitwa mshenzi, hata awe hodari wa ngoma namna gani.

Ndiyo maana hadithi ya taarabu inanifaa kuliko mifano ya opera iliyomo kwenye vitabu vya kigeni. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma mtu Misri akajifunze muziki ili aburudishe jumba lake. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa, na nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Mlango ulikuwa mwembamba: uwe mgeni wa jumba, au mwanachama. Kisha akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, muuza vyungu. Walimsimanga kwamba katoka shamba na kaniki yake, naye akawajibu kwa beti. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, akaimba kwa Kiswahili, na santuri zile zikasikika migahawani pwani nzima. Kwenye mgahawa hakuna anayekuuliza ukoo. Ukinunua kahawa, wimbo ni wako pia.

Na nani alimwandikia wasifu Siti? Shaaban Robert, mtoto wa hapa Tanga, kijiji cha Vibambani, mwandishi ambaye leo tunamweka juu kabisa ya fasihi yetu.

Kuanzia miaka ya 1960 Tanga nayo ikaweka mkono wake. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vikaleta gitaa la umeme na besi, na sauti ya Bi Shakila ikavuma kutoka mji huu. Wako waliosema taarabu imeharibika. Sasa nyimbo zizo hizo zikipigwa kwenye ukumbi watu huketi kimya, wanafumba macho, na wanawakemea wajukuu wanaoongea. Muziki wa dansi wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, nao wa Tanga, umepita njia hiyo. Kiswahili kinaitwa maskini wa istilahi, lakini sijui lugha nyingine iliyotia wakati ndani ya neno namna hii: kilichopendwa jana tunakiita zilipendwa, na kikishaitwa hivyo kinaanza kuheshimiwa.

Turudi Jumamosi usiku, maana kuna jambo ambalo vitabu havilioni vizuri. Mwimbaji kafika kwenye ubeti unaomsema jirani mwenye jicho la hasidi. Shangazi yangu mmoja, kimya tangu magharibi, akainuka. Hakukimbia. Alikwenda kwa madaha, hatua moja mbele, nusu hatua nyuma, noti ya elfu mbili kaishika kwa vidole viwili juu ya kichwa. Alipomfikia mwimbaji hakumpa mara moja. Alimzunguka, akageuka, akatupa jicho safu ya tatu upande wa kushoto, kisha ndipo akatunza, yaani akampa noti ile. Safu ya tatu ikajua. Ubeti ulitungwa na mtu asiyemjua shangazi wala mgomvi wake, ukarekodiwa, ukauzwa kwa kila mtu. Kwa noti ile moja ukawa barua yenye anwani. Mtafiti wa Kimarekani Kelly Askew, aliyefanya kazi hapa Tanga miaka ya 1990, aliandika sana juu ya kutunza huku, na nadhani alipatia: hadhira pale haipokei tu, inasema. Wanaodai utamaduni pendwa huwafanya watu mazuzu wangekaa kwanza safu ya tatu.

Serikali nayo imewahi kusimama mlangoni. Desemba 1962 Nyerere, akihutubia kama Rais wa Jamhuri, alilalamika kwamba wengi wetu tumejifunza rumba, chachacha na twisti, hata waltz, lakini ngoma zetu kama gombe sugu, mangala, kiduo na lelemama hatuzijui. Akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Nia ilikuwa njema. Ila lelemama niliyosimuliwa na bibi yangu haikuwa kitu cha kale kilichosahaulika kabatini. Ilikuwa vyama vya wanawake wa mjini, sare mpya kila shindano, madeni ya vitambaa, matusi ya mafumbo. Kwa siku zake ilikuwa pendwa hasa. Ilipotajwa kwenye hotuba ile ikawa jadi ya taifa.

Bagamoyo ndiko hatua iliyofuata inakoonekana. Chuo cha sanaa kilipoanzishwa pale mwaka 1981, ngoma ikapata jukwaa, viti vya watazamaji, mtihani na cheti. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha na kuishi Bagamoyo hadi alipofariki 2003, alitoka na zeze na ilimba, ala za kwao, akarekodi kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel wa Uingereza. Nyimbo ambazo Ugogoni karibu kila aliyepo huziitikia, Ulaya zilisikilizwa na watu waliokata tiketi, wakapiga makofi mwishoni. Sioni aibu hapo. Ila tusiseme ni kitu kilekile kimesafiri. Aliyekuwa mwitikiaji amefanywa mtazamaji.

Sasa baikoko, maana nikiiacha mtasema nimeogopa. Ngoma hii ya kwetu Tanga imekemewa na viongozi mara nyingi, na wengi wanaiona kama uchafu uliozaliwa na simu. Mimi nilikuwamo uani ile Ijumaa. Sitaeleza yaliyoimbwa, somo wangu, yule aliyenifunda, yu hai na anasoma mitandao kuliko mimi. Nitasema hili tu: viuno ambavyo watu wazima wanavishangaa jukwaani, uani ni darasa. Kuna mwali, kuna somo, kuna umri wa kuingia, kuna wasioruhusiwa kabisa, na kuna adabu kali ya kutotoa nje kilichosemwa ndani. Kiuno hicho kikipandishwa jukwaani mbele ya wanaume wenye simu, mwendo unabaki na mafunzo yanapotea. Wanaopiga marufuku wanahangaika na kiuno. Mlango uliong'olewa hawauulizi, pengine kwa sababu wengine wao ndio waliokodi kikundi.

Kuhusu asili na uhalisi, neno moja tu kwa wanaopenda kubishana: kanga, ambayo hakuna shughuli ya Tanga bila yake, kwa miongo mingi ilichapwa viwandani India, Uingereza na Uholanzi.

Basi ile Jumamosi, taarabu ilipokwisha, kijana mmoja wa jirani aliweka singeli yake mwenyewe. Ndani yake, chini ya kile kinanda kinachokimbia, nikasikia pembe za vugo, ile ngoma ya harusi ambayo wanawake hugonga pembe. Alizirekodi asubuhi wakati kina mama wanampeleka mwali, akazikata vipande, akaziongeza kasi. Bibi yetu mmoja, kati ya waliozigonga pembe zile, alitega sikio akazitambua. Akafungua pindo la kanga, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, akaanza kuteleza kwa madaha kuelekea kwenye muziki. Akafika. Pale pana kompyuta moja, spika mbili na nyaya.

"Mjukuu wangu, hapa namtunza nani?"

Kijana akainama kwa adabu, akampokea mkono kwa mikono miwili, kisha akamtajia namba yake ya M-Pesa.