Mbegu Si Feki, Umeizika

Mwezi uliopita mama mmoja aliingia ofisini kwetu amekumbatia ndoo ya rangi iliyojaa udongo. Akaitua mezani. "Bibi shamba, nimeuziwa mbegu feki. Wiki mbili namwagilia, hakuna hata mche mmoja."

Nikachukua kijiti nikafukua taratibu. Kina cha kama sentimita 5 tukaikuta mbegu ya nyanya. Ilikuwa imepasuka na kutoa uzi mweupe, uzi ukapinda kuelekea juu, ukaishia njiani ukaoza. Mbegu ilikuwa nzima kabisa. Ila ilizikwa.

Sisemi kwamba mbegu feki hazipo, zipo. Nunua pakiti ambayo haijafunguliwa, usome tarehe ya mwisho wa matumizi, na utafute lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini Tanzania. Zile za kupimiwa kwa kizibo sokoni ni bahati nasibu. Ukiwa na shaka, funga mbegu 10 kwenye kitambaa chenye unyevunyevu, weka mahali penye joto, na usikiache kikauke. Zikiota 7 au zaidi, panda bila wasiwasi. Na zile zenye rangi nyekundu au kijani zimepakwa dawa: osha mikono, usiziache karibu na watoto wala kuku.

Kwa wanaoanza, hata hivyo, tatizo kubwa ni kina. Ndani ya mbegu kuna akiba ndogo ya chakula, nayo ni lazima itoshe kumfikisha mche kwenye mwanga. Ukiifukia mno, akiba inaisha kabla ya safari. Kipimo chepesi ni mara mbili au tatu ya unene wa mbegu yenyewe. Bamia na kunde zinavumilia sentimita 2 hadi 3. Nyanya na sukuma wiki, sentimita 1 inatosha. Mchicha usiufukie hasa. Uchanganye na mchanga mkavu ili usimwagike wote sehemu moja, nyunyiza, kisha pitisha kiganja juu ya udongo kama unayefuta vumbi mezani.

Linalofuata ni maji. Wengine husahau siku mbili, siku ya tatu wanamwaga ndoo nzima. Maji ya kishindo hufukua mbegu na kuzirundika kwenye kona. Chukua chupa ya plastiki, toboa kizibo kwa msumari wa moto, unyunyizie asubuhi. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Kitalu kinachotota huleta kinyausi: mche ulioamka mzima unakutwa umelala, shina limenywea pale linapogusana na udongo. Huo hauponi. Punguza maji, punguza msongamano, na safari nyingine tumia udongo mpya wenye samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Tandaza nyasi kavu juu ya kitalu, lakini ukiona vichwa vya kwanza ziondoe jioni ileile. Ukichelewa, miche inarefuka kutafuta mwanga na kuwa myembamba kama nyuzi.

Uvumilivu nao una hesabu yake. Mchicha huchomoza ndani ya siku 3 hadi 5, nyanya siku 6 hadi 10, hoho na karoti zinaweza kufika wiki mbili. Nimeona watu wakifumua kitalu cha hoho siku ya nane. Hasara tupu.

Karoti, figili na bamia panda moja kwa moja bustanini. Karoti ikihamishwa mzizi hugawanyika miguu. Nyanya, hoho na sukuma wiki zianzie kitaluni, zihamishwe baada ya kama wiki 4 zikiwa na majani halisi 4 au 5, usihesabu yale mawili ya kwanza ya kuchomozea. Wiki ya mwisho punguza maji na kivuli ili zizoee jua, kisha hamisha jioni. Na mwenye kuku wa kienyeji aweke wigo kwanza kabla ya yote.

Ukiniuliza uanze na nini, nitakwambia mchicha. Nyanya ina magonjwa mengi, hasa wakati wa masika, na inakatisha tamaa. Mchicha ndani ya mwezi uko sufuriani.

Ndivyo nilivyomshauri yule mama. Siku ya tano akanitumia picha: ndoo imefunikwa kijani, miche imebanana kama nywele. Baada ya wiki mbili akapiga simu, nimemwambia aing'oe mingine, inayobaki iachane kwa nafasi ya vidole vinne, anaona huruma.

"Sasa hii ninayong'oa niitupe, bibi shamba?"

Nikamuuliza kama ana nazi nyumbani.